Kabla hujachapisha tisheti ya Mario: kwa wadogo zangu wanaoanza Lubumbashi

Wadogo zangu mnaotengeneza video za gemu, mnaochora wahusika wake au mnaochapisha tisheti hapa Lubumbashi, swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Yaya (yaani mkubwa wetu), kampuni hii inaruhusu?" Swali hilo ni fupi mno. Kampuni hutoa ruhusa vipande vipande, na iliyokuruhusu kuweka video haijakuruhusu kuuza kikombe chenye sura ya mhusika wake. Uliza inaruhusu nini, inamruhusu nani, na pesa inaruhusiwa kuingia kwa njia gani.

Chukueni Nintendo, kampuni ya Kijapani yenye Mario. Zamani ilikuwa na mpango ambao mwenye chaneli alijisajili, kisha wakagawana mapato ya matangazo. Mwishoni mwa 2018 ikaufunga, ikatoa masharti mapya: mtu binafsi anaweza kuweka video na picha za gemu zake, hata kupata pesa ya matangazo kupitia mifumo kama ule wa YouTube, mradi aongeze kitu chake, yaani maelezo, uchambuzi au ubunifu. Sasa yasomeni tena polepole. Yanataja mtu binafsi. Yanataja video na picha za mchezo. Tisheti haimo. Gemu uliyoitengeneza wewe kwa wahusika wao haimo pia.

Msiniambie "lakini mimi siuzi". Milton Guasti wa Argentina alitumia karibu miaka 10 kuitengeneza upya gemu ya pili ya Metroid, mfululizo wa Nintendo, akaitoa bure Agosti 2016, na ndani ya siku chache Nintendo ikadai iondolewe. Ufundi wake haukupotea, maana baadaye studio iliyotengeneza Ori and the Will of the Wisps ilimpa kazi, lakini gemu yenyewe ilizuiwa. Sega, kampuni yenye gemu za Sonic, ilichukua njia nyingine: gemu ya Sonic Mania ya 2017 iliongozwa na Christian Whitehead, aliyeanza kama shabiki wa Sonic. Tofauti ni kwamba yeye alifanya kazi ile kwa makubaliano na Sega yenyewe. Kwa hiyo msipime kampuni moja kwa upole wa nyingine.

Minecraft, gemu ya kujenga kwa vipande vya mraba, ndiyo ninayowashauri kuanza nayo, kwa sababu masharti yake yameandikwa kwa lugha nyepesi. Tuseme mmejenga Lubumbashi humo ndani: kanisa kuu la Petro na Paulo, bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba pembeni yake. Kazi nzuri. Mkiipa jina "Minecraft Lubumbashi", mmeshavunja masharti, kwa kuwa jina la gemu halitakiwi kutawala jina la kazi yenu. "Mji wa Shaba: ramani ya Minecraft" linakaa vizuri. Halafu mnaongeza sentensi inayosema wazi kwamba hii si bidhaa rasmi ya Minecraft, wala haikuidhinishwa na Mojang walioitengeneza gemu hiyo au Microsoft wanaoimiliki, wala haihusiani nao. Iwekeni mahali mtu anapoiona bila kutafuta. Riot, wenye gemu ya League of Legends, nao wanadai tangazo la namna hiyo, wanataka kazi ya shabiki iwe ya bure kwa watu, na hawataki nembo zao zitumike.

Muziki ni mtego wa peke yake. Nyimbo za redio ndani ya magari ya gemu ya GTA ni za wasanii walioipa kampuni leseni ya kuzitumia kwenye gemu, na leseni hiyo haiwafuati hadi kwenye video yenu. Nendeni kwenye mipangilio, zimeni muziki, acheni sauti za mchezo. Mkitaka gitaa, mjini hapa wapigaji wamejaa, ila nao wawape ruhusa kwa maandishi. YouTube inaweza kufunga chaneli iliyopata maonyo 3 ya hakimiliki ndani ya siku 90, na mashine yake haijali kama uko Katuba au Tokyo.

Wapo wanaosema kampuni ziko mbali, hazitafika hapa. Kongo ina sheria yake ya haki za mwandishi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, na nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaolinda pia kazi za wageni. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayolinda michoro yenu ninyi, nami ningependa sana muitegemee siku mtu atakapowaibia.

Sasa tisheti, maana hapo ndipo pesa ya haraka ilipo. Mama anakuja na simu, anaonyesha picha ya Mario, anataka tisheti za sikukuu ya mtoto. Mwambie kabla hajatoa avansi kwamba hiyo huuzi. Kisha mchoree mwanawe akiruka juu ya ule mlima mweusi, jina lake limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Mchoro huo ni wako, na unaweza kuubadilisha kwa mteja mwingine.

Masharti hubadilika, kwa hiyo kila mnapoanza kazi hifadhini nakala ya ukurasa ikiwa na tarehe. Jambo lisipotajwa humo, iandikieni kampuni barua pepe fupi: mimi ni nani, nataka kutumia kitu gani, kwa idadi gani, nitaonyesha au kuuza wapi, pesa itaingiaje. Ambatanisheni mchoro mmoja, si kumi. Wasipojibu, hamjaruhusiwa, endeleeni na mhusika mliyembuni wenyewe.