Vitesi ya ngapi kwenye mawe ya lava?

SWALI: Yaya, mimi ni motari hapa Goma, nafanya upande wa Ndosho na Mugunga. Moto yangu, pikipiki ya TVS, ina vitesi nne, yaani gia nne. Kwenye simu naangalia sana video za trial, ule mchezo wa kupita kwenye mawe na vikwazo kwa moto, zaidi zile za Mhispania Toni Bou. Anapanda jiwe linalonifika kifuani, polepole, bila kuweka mguu chini. Mimi nikiingia kwenye mawe ya lava naweka vitesi ya kwanza, lakini moto inarukaruka, tairi ya nyuma inachimba, mwisho mguu uko chini. Nikijaribu ya pili inazimika. Wenzangu wa parkingi wanasema ya kwanza ndiyo yenye nguvu, nisijisumbue. Hao watu wa trial wanaingia na vitesi gani? Na nikibadilisha pinyo ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta sheni, itanisaidia?

JIBU: Mdogo wangu, wenzako hawakudanganyi. Vitesi ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na shida yako inaanzia hapo hapo. Ukiwa kwenye ya kwanza, mkono ukisogeza gazi kidogo tu, tairi inapata msukumo mkubwa. Sasa fikiria mawe yetu. Kila jiwe linatikisa usukani, usukani unatikisa mkono, mkono unafungua gazi bila wewe kutaka, moto inaruka. Ikitua inakutikisa tena, na mkono unafungua gazi tena. Tairi haina muda wa kushika chini, inazunguka bure na kuchimba. Ukiwa kwenye ya pili, kosa lile lile la mkono linafika kwenye tairi likiwa limepungua, na moto inatulia.

Ndiyo maana watu wa trial hawatafuti vitesi yenye nguvu zaidi. Wanatafuta vitesi ya juu kabisa ambayo moteri bado inaivuta bila kulalamika. Penye kona ya kujikunja sana wanashuka hadi ya kwanza. Penye utelezi wanapanda hadi ya tatu. Kazi nyingine kubwa inafanywa na ya pili.

Rudia hiyo video ya Bou, lakini safari hii acha jiwe, angalia mguu wake wa kushoto. Tangu anaingia kwenye mawe hadi anatoka, ni nadra sana uone akigusa vitesi. Huyu mtu amechukua ubingwa wa dunia mwaka baada ya mwaka tangu 2007, wa nje na wa ndani ya ukumbi. Basi kabla ya kuwasha moto ametembea sehemu hiyo kwa miguu, ameangalia kila jiwe, ameamua vitesi. Hata kile chuma cha kubadilishia, kwenye moto za trial kinawekwa mbele sana, kiatu kisije kikakigusa kwa bahati mbaya. Na mguu ukigusa chini mara moja unahesabiwa alama 1, mara mbili 2, kuanzia mara tatu 3, ukishindwa kabisa 5. Mshindi ni mwenye alama chache. Kwa hesabu kama hiyo hakuna anayetaka kubahatisha vitesi katikati ya mawe.

Sasa kwa nini wewe ukiweka ya pili inazimika? Kabla ya yote, pima ralanti, yaani mzunguko wa moteri ukiwa hujagusa gazi. Nyingi ninazoziona garajini zimeteremshwa ralanti kwa ajili ya kubana mafuta, na moto ya namna hiyo itazimika kwenye ya pili hata ukimpa Bou mwenyewe. Irudishe moteri izunguke sawasawa bila kukohoa, ikiwa imeshapata joto. Halafu tia kebo ya ambreyaji (klachi) mafuta, mpaka uweze kuivuta kwa vidole viwili bila kukaza kiganja. Wao wanatumia kidole kimoja, lakini chuma chao ni laini kuliko chetu.

Halafu kuna jambo la namna moto ilivyotengenezwa. Moto ya trial huwa na vitesi tano au sita, zile za chini zimekaribiana, za juu ni za kukimbilia njiani tu. TVS yako ina nne, na hizo nne zinatakiwa kumaliza kila kitu, kuanzia kuondoka na mizigo hadi kukimbia kwenye lami ya Sake. Kwa hiyo kati ya ya kwanza na ya pili kuna shimo. Ya pili yako, ukiachia ambreyaji yote, inakwenda haraka kuliko mtu anayetembea. Shimo hilo unaliziba kwa ambreyaji: gazi linabaki mahali pamoja, vidole ndivyo vinavyopunguza na kuongeza mwendo. Hapo ndipo penye siri ya ule mwendo wa polepole unaouona kwenye video.

Kuna kitu kingine ambacho video za Ulaya hazikuambii. Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya saba. Moteri inavuta hewa kidogo, nguvu inapungua kwa kiasi hicho hicho. Moteri yako ina santimita za ujazo 125 au chini ya hapo, wao wana 250 au 300, na moto yao ina kilo kama 70 wakati yako inapita 100 kabla hujaipanda. Kwa hiyo ukisikia mtu wa huko anasema "ya tatu", wewe jaribu ya pili. Na lile jiwe la kifuani muachie mwenyewe. Kule vitesi inaleta tu mwendo wa tairi. Kinachomrusha ni kubonyeza resora (springi) kwa mwili na kuachia ambreyaji kwa sekunde ile ile, na tairi ya nyuma yenye upepo wa bari 0.3 hivi. Wewe ukishusha upepo hivyo, chambre (mpira wa ndani) itabanwa na jante na kutoboka kwenye jiwe la kwanza.

Njoo kwenye barabara zetu. Lava iliyoganda ikiwa kipande kimoja, ile yenye uso wa kukwaruza, inashika tairi vizuri sana. Pale weka ya pili, simama juu ya vikanyagio, magoti yalegee, gazi moja tu. Kokoto za lava zilizosagwa, kama zile za njia zilizofunguliwa juu ya mtiririko wa lava ya volkeno Nyiragongo wa 2021 upande wa Buhene, ni ya pili pia, na usiguse gazi ghafla, maana ya kwanza pale inachimba tu. Ngazi ya jiwe inayofika kifundo cha mguu: ya pili, ambreyaji nusu, inua tairi ya mbele kidogo, na tairi ya nyuma inapogusa jiwe funga gazi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaongeza gazi wakati wa nyuma, na ndiyo sababu tairi inateleza juu ya ukingo na kuwapindua. Ngazi ikiwa juu zaidi, au mara baada yake kuna kona au ukuta wa mtu, tumia ya kwanza, kwa sababu huna nafasi ya mwendo.

Ukienda Bukavu sahau nusu ya haya. Kule adui ni udongo mwekundu ukishanyeshewa. Mlima unakuambia weka ya kwanza, utelezi unakuambia usithubutu. Msikilize utelezi: chukua mwendo chini ukiwa kwenye ya pili, panda nao, usibadilishe katikati. Penye tambarare ya matope hata ya tatu inafaa.

Yote niliyosema ni ukiwa peke yako. Ukiwa na mteja nyuma, au magunia ya makala, usicheze na ambreyaji kwenye ya pili, disiki zake zitaungua na harufu utaisikia kabla hujafika juu. Weka ya kwanza, achia ambreyaji yote, nenda. Penye mawe mabaya mwambie mteja ashuke atembee mita chache. Atanung'unika, lakini nauli yake hailipi disiki.

Kushuka mlima, wengi wanajua: ya kwanza, moteri ishike, ambreyaji usiivute. Ni sawa kwenye lami na kwenye lava nzima. Kwenye kokoto, ya kwanza inaweza kuishika tairi ya nyuma mpaka iburuzike, na ikiburuzika inakwenda inakotaka yenyewe. Pale ya pili pamoja na freni ya mbele kidogo kidogo ni salama zaidi.

Ukitaka kujifunza bila kusoma sana, tafuta uwanja wenye jiwe moja la kifundo cha mguu. Lipande kwa ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, mwendo wa kuingilia uwe ule ule. Sikiliza. Moteri ikipiga kelele kabla hujamaliza jiwe, vitesi iko chini mno. Ikibidi ushike ambreyaji muda mrefu ndipo isizimike, iko juu mno. Masikio yatakuambia haraka kuliko mimi.

Kuhusu pinyo: ndiyo, inasaidia, lakini hesabu meno yako kwanza. Tuchukue pinyo ya 14 na kurone, lile gurudumu kubwa la meno la nyuma, ya 42, yaani moja kwa tatu. Ukiweka pinyo ya 13 inakuwa moja kwa 3.23. Nguvu ya kwenye tairi inaongezeka karibu asilimia 8, mwendo unapungua asilimia 7, na ya pili yako inakuwa mpole zaidi kwenye mawe. Ya kwanza itakuwa kali kuliko ilivyo sasa, ujue hilo. Kwenye lami moteri italia mapema na mafuta yataisha haraka. Ukiweza kupata kurone ya 45 na kubaki na pinyo ya 14, unapata karibu matokeo yale yale, na sheni haikunjwi sana, inaishi zaidi, ila huenda ukahitaji sheni ndefu kidogo. Kwa motari anayeshinda kwenye lami, mimi nisingebadilisha. Kwa wewe wa Mugunga, tengeneza ralanti na kebo, fanya kazi wiki mbili kwa ya pili, halafu kama bado inakusumbua nunua hiyo 13. Usiifunge kwenye sheni iliyokwisha, itakula meno mapya kabla hujarudisha pesa yako.