Shanga za akiki kwa mtindo wa Khambhat: kwa anayeanza

Shanga nyekundu za akiki zilizoletwa Mombasa na Malindi na wafanyabiashara wa Khambhat, Gujarat, zilichongwa bila mashine yoyote. Wanafunzi wa kazi hii hukimbilia kung'arisha, ilhali mawe mengi huharibika mapema zaidi.

Anza na jua. Jiwe bichi lina unyevu ndani; lianike kwa wiki kadhaa, la sivyo litapasuka motoni. Kisha lipange kwenye chungu, lifunike kwa majivu, uchome kwa moto mdogo wa samadi usiku kucha. Moto hukoleza wekundu wa chuma kilichomo na kulifanya jiwe libanduke vizuri. Chungu kipoe chenyewe. Baridi ya ghafla huleta nyufa. Rangi ikiwa bado hafifu, rudia kuchoma, usizidishe moto: jiwe lililounguzwa huwa jeupe na kumeguka ovyo.

Kwenye kuchonga, sahau patasi. Simika nondo fupi iliyochongoka, imeinama kidogo. Egemeza ukingo wa jiwe kwenye ncha, kisha gonga upande wa pili kwa nyundo ya pembe ya nyati yenye mpini mwembamba wa mwanzi. Kibanzi hutoka upande wa ncha, si wa nyundo, na hilo huwachanganya wengi. Nyundo ya chuma ni ngumu mno, italipasua jiwe lote.

Ukishachonga, saga ushanga kwa maji daima. Vumbi kavu la akiki huharibu mapafu. Mafundi wengi wa Khambhat wameugua silikosisi.

Tundu hutobolewa kwa keekee ya uta, yaani inayozungushwa kwa kamba ya uta, ncha ikiwa na vipande viwili vidogo vya almasi, maji yakidondoka. Chimba kwanza kishimo ili ncha isiteleze. Toboa hadi katikati, geuza, malizia upande wa pili. Ukipitiliza kutoka upande mmoja, mdomo wa tundu utameguka. Mafundi wa kale wa Bonde la Indus (Pakistani na India ya leo) walitumia ncha za jiwe: majaribio ya kuiga kazi yao yalitoboa takriban milimita 2.5 kwa saa. Ushanga wa sentimita 5, basi, ni saa 20.

Mwisho ni kung'arisha: mfuko wa ngozi wenye shanga, maji na unga wa akiki, ukiviringishwa na watu wawili kwa siku 10 hadi 15. Kazi ya kuchosha tu. Ila usichanganye kubwa na ndogo, na uoshe kila kitu kabla ya kuhamia unga laini zaidi: punje moja ya unga mnene ikibaki huacha mikwaruzo utakayoiona ukizipeleka shanga juani.