Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Daktari Margaret Ogola

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja: je, Margaret Ogola, yule mwandishi wa Kenya, alikwisha kujua kwamba saratani ingemwua alipoandika Place of Destiny, riwaya ya mwaka 2005 ambayo mhusika wake mkuu, Amor, anakufa kwa ugonjwa huohuo? Yeye mwenyewe alifariki Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 53, siku chache tu kabla ya Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, ambaye naye alichukuliwa na saratani, hata msiba wa Ogola ukamezwa na ule mkubwa wa Maathai. Hilo bado linaniuma.

Alikuwa daktari wa watoto, tena aliyekiongoza kituo cha Cottolengo jijini Nairobi, walikotunzwa yatima wenye virusi vya Ukimwi, na jioni alirudi kwa mume na watoto wake. Pamoja na hayo yote, riwaya yake The River and the Source ilichapishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta pamoja na ile ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza barani Afrika. Mnajua ninavyosema siku zote, hata mkanicheka: mwenye shughuli ndiye mwenye la kusimulia.

Riwaya hiyo ndiyo niliyokuwa nikiwafundisha vijana wa kidato cha nne baada ya mazishi ya baba yenu, wakati baba yenu mdogo alipong'oa masale ya mpakani kule Wundanyi na kuniambia mbele ya wazee kwamba mjane hana shamba. Asubuhi moja tukafika mahali ambapo Akoko, naye mjane, anasafiri hadi Kisumu kumshitaki shemeji yake aliyenyakua kiti cha uchifu. Nilisoma aya mbili, sauti ikakatika. Mvulana mmoja wa nyuma, mtundu ambaye hakuwahi kuja darasani na kitabu, akachukua cha jirani yake, akasimama, akaendelea palepale nilipoachia, na wenzake hawakumcheka. Juma lililofuata nilikuwa kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Mengine unayajua, maana karo yako ilitoka katika shamba hilo. Shemeji yangu akinisalimu kanisani huwa naitikia, lakini kwa midomo tu.

Sasa nirudi kwa Amor. Moyo wangu unataka kusema kwamba mwandishi alijua, kwa sababu jinsi Amor anavyokikabili kifo hainionekei kuwa jambo la kubuni. Hapohapo najipinga: daktari aliyewafumba macho watoto wa watu hakuhitaji kuugua mwenyewe ili akielewe kitanda cha mauti, na tukisema kwamba aliandika maradhi yake tu, tutakuwa tumemnyang'anya ubunifu wake. Mwenye shughuli ndiye mwenye la kusimulia, na shughuli yake ilikuwa wagonjwa. Hata hivyo, kila nikikifungua kitabu hicho narudi kulekule nilikoanzia. Basi sitakukatia shauri, ingawa ulimi unaniwasha. Kisome tena, kisha uniandikie umeegemea wapi, na usimwulize dada yako kwanza, kwa maana yeye amekwisha kuamua na hapingiki.

Ni mimi mama yako.