Molekuli za kulia na za kushoto: maswali yenu

Mwalimu, molekuli mbili zina atomu zilezile, zimeungana vilevile, kisha tunaambiwa ni tofauti. Kivipi? (Mwanafunzi wa S.5, Jinja)

Vua sapatu zako uzitazame. Urefu mmoja, mpira mmoja, lakini ya kushoto ukiivaa kulia, kamba haipati kidole chake. Kaboni iliyoshika vitu vinne visivyofanana ina maumbo mawili ya namna hiyo: moja ni sura ya nyingine kwenye kioo, na hata uigeuze vipi, hazilingani.

Dawa ya minyoo ya mbuzi: kopo moja limeandikwa tetramisoli, jingine levamisoli. Si kitu kimoja? (Mfugaji, Mbarara)

Hapana, ndugu yangu, na umefanya vema kuuliza kabla ya kuwanywesha. Tetramisoli ni mchanganyiko, nusu ya kulia, nusu ya kushoto. Inayomlemaza mnyoo ni ya kushoto, na levamisoli ni hiyo peke yake. Ndiyo maana kipimo chake kwa kila kilo ya mnyama ni kama nusu ya kile cha tetramisoli. Ukipima ya kopo hili kwa maelezo ya lile, ama unamzidishia mbuzi, ama minyoo inabaki hai. Soma kopo lenyewe, na daktari wa mifugo akuhakikishie.

Pua inaweza kuzitofautisha? (Arua)

Inaweza. Karvoni, kemikali ya mafuta ya kunukia, ya umbo moja hunukia nanaa. Ya pili hunukia kisibiti.

Na macho je? (Mwalimu wa sekondari, Kabale)

Macho yaliziona fuwele za molekuli hizo, yaani chembe ngumu zenye pande bapa, mwaka 1848. Louis Pasteur, kijana wa miaka 25 huko Paris, alikausha chumvi ya asidi ya tartariki yenye mchanganyiko wa kulia na kushoto, akaona kwa hadubini kwamba baadhi ya fuwele zina vipande vya pembeni vilivyoelemea kulia, nyingine kushoto. Akazichambua moja moja, kama mama anavyochagua mchele. Akayeyusha kila fungu peke yake, akapitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu: moja likaugeuza mtikisiko huo kulia, la pili kushoto. Kila nikilisimulia darasani huwa nasisimka upya.

Nawe una bahati ya baridi ya Kabale. Chumvi ile hujitenga hivyo ikigandia chini ya nyuzi 27 hivi; joto likizidi hapo, za kulia na za kushoto huingia pamoja katika fuwele moja, na hakuna cha kuchambua.