Jibu: Kutembea kwa miguu Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Ndugu, umeuliza kama nusu siku inatosha kuyaona majengo ya kale ya Bagamoyo kwa miguu, na uanzie wapi. Inatosha, mradi utoke asubuhi kabla jua halijawa kali.

Ningekushauri uanzie kusini, kwenye Ngome Kongwe, kisha ufuate Mtaa wa India kuelekea kaskazini bila haraka, kwa kuwa utamu wa mji huu umo zaidi katika nyumba zisizo na kibao chochote. Tazama milango ya mbao iliyonakshiwa. Na pale ambapo lipu imebanduka, sogea karibu uone mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na juu yake boriti za mikoko zinazobeba dari. Hapo utaelewa jinsi nyumba za pwani zilivyojengwa vizuri zaidi kuliko kwa maelezo yoyote ya mdomo. Boma la Wajerumani, lililokamilika mwaka 1897, miaka sita baada ya makao makuu ya koloni kuhamishiwa Dar es Salaam, hulikosi.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, iko nje kidogo ya mji. Ndiko mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulikolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Magofu ya Kaole, mabaki ya mji wa kale wa Waswahili, yaache kwa siku nyingine, maana yako kilomita kadhaa kusini. Mwongozaji mwenyeji wa Bagamoyo ni muhimu, ila mpatane malipo mapema.