Kila Kosa Dogo Linaninyima Usingizi

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, na kazini huandaa ripoti zinazosomwa na wakuu wa idara. Kabla ya kuituma ripoti huisoma mara sita au saba, na kila ninapoirudia hakika yangu hupungua badala ya kuongezeka. Mwezi uliopita tarehe moja ilipita ikiwa imekosewa. Hakuna aliyelalamika, lakini sikupata usingizi usiku kucha. Kinachoniumiza zaidi ni mwanangu wa miaka saba. Alichora nyumba, ukuta mmoja ukainamia upande, nami nikachukua kifutio nikaunyoosha. Aliniangalia akasema, "Basi chora wewe." Tangu siku hiyo hajaniletea mchoro wowote. Je, nikiacha kutafuta ukamilifu, sitageuka kuwa mzembe?

Mama Asiyelala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na hofu yako ya uzembe, kwa sababu ndiyo inayokuziba masikio usisikie mengine. Mzembe hakeshi kwa ajili ya tarehe moja. Wewe umekesha, kwa hiyo uzembe uko mbali nawe, wala hautakufikia kwa kuisoma ripoti mara mbili badala ya saba. Kupenda kazi safi ni jambo jema na sikushauri uliache. Ninachokiona katika barua yako ni kitu kingine: umeifanya kila kazi kuwa hukumu juu ya nafsi yako, hata tarehe ikikosewa unajihesabu wewe mzima kuwa hufai. Sote husema kwamba mkamilifu ni Mungu peke yake, kisha tunarudi mezani na kujidai ukamilifu uleule.

Kuhusu kurudia kusoma, ulichokieleza kinafanana sana na jambo ambalo wataalamu wamelipima. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, walichapisha majaribio ambamo watu walitumia jiko la gesi lililoigizwa kwenye kompyuta na kulikagua tena na tena. Waliolikagua mara nyingi waliendelea kukumbuka kwa usahihi walichokifanya, lakini imani yao katika kumbukumbu hiyo ilipungua. Nadhani ndivyo ilivyo kwako: usomaji wa kwanza na wa pili huisahihisha ripoti, na kuanzia wa nne huwa unazaa shaka tu, nawe unaichukua shaka hiyo kuwa ushahidi kwamba kosa bado limejificha mahali fulani.

Wiki hii chagua ripoti moja isiyo na uzito mkubwa. Isome mara mbili, na kabla ya kuituma andika kwenye daftari kile unachohofia kitatokea. Baada ya siku tatu rudi uandike kilichotokea kweli. Sisemi ufanye hivyo kwa kila kazi, kwani anayepima dozi ya dawa au anayehesabu fedha za watu anapaswa kukagua kwa ukali. Lakini kazi nyingi tunazozikeshea hazina hatari ya namna hiyo. Usiku wa kwanza huenda ukawa mgumu. Vumilia bila kuifungua tena ile ripoti. Ikiwa usingizi utaendelea kukukimbia kwa wiki kadhaa, nenda kwa daktari au mshauri wa saikolojia, kwa maana hali hii ina tiba na hupaswi kuibeba peke yako.

Nakueleza haya nikiwa nimelipa gharama yake. Niliwahi kuchelewesha barua ya rambirambi kwa wiki tatu nikitafuta maneno yatakayomfaa rafiki yangu aliyefiwa na mumewe. Ilipomfikia, alikuwa amekwisha kuzoea kimya changu, ilhali mistari miwili iliyoandikwa vibaya siku ile ya msiba ingemfaa zaidi.

Sasa tuje kwa mwanao, maana hapo ndipo moyo wangu uliposimama nilipoisoma barua yako. Paul Hewitt na Gordon Flett, wanasaikolojia wa Kanada, waliandika mwaka 1991 kwamba ukamilifu una sura tatu: ule tunaojidai wenyewe, ule tunaoudai kwa wengine, na ule tunaoamini kwamba wengine wanatudai. Uliposhika kile kifutio ulivuka kutoka sura ya kwanza hadi ya pili bila kujua, na mtoto aliyesema "Basi chora wewe" huenda ameanza kuionja ya tatu.

Usijitwishe kosa hilo kama jingine la kukukosesha usingizi. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza mwaka 1953 juu ya mama anayetosha: mama ambaye mwanzoni humtimizia mtoto mchanga karibu kila haja, kisha hupunguza hatua kwa hatua, kwa kadiri mtoto anavyoweza kuustahimili upungufu wa mama yake. Kwa maelezo yake, upungufu huo ndio unaomsaidia mtoto kuutambua ulimwengu ulivyo, jambo ambalo mama asiyepungukiwa na chochote asingeweza kumpa. Mwanao anaweza kujifunza kutoka kwako kitu ambacho wengi wetu hatukuwahi kukiona utotoni, nacho ni mtu mzima anayekosea, anayekiri kosa lake, kisha anaendelea na siku yake.

Basi keti naye jioni moja umwambie, "Ule ukuta ulikuwa wako, nami sikupaswa kuufuta. Nisamehe." Kisha chukua karatasi yako na penseli yako, uchore nyumba kando yake bila kufuta chochote, na umwachie aone mstari wako wa kwanza ulivyopinda. Huenda asichore siku hiyo. Usimwombe, rudi ukae hapo jioni inayofuata.