Dogo wa tawini aone vairasi tu, asizime ulinzi

Mkuu, umeuliza dogo wa IT tawi la Kariakoo umpe ruhusa gani aone vairasi zinazokamatwa bila kuweza kuzima antivairasi. Usimpe admin kamili hata kidogo, kwenye paneli kuu ya kusimamia antivairasi tengeneza roli mpya (yaani seti ya ruhusa za mtumiaji) isiyo na kitu, mpe kuona taarifa na kuskani basi, halafu ifunge kwenye grupu la kompyuta za Kariakoo tu asiguse za tawi la Posta. Watu wengi wanasahau ruhusa ya kuongeza folda zisizoskaniwa, hiyo mnyime kabisa, maana akiweka draivu C yote utaona antivairasi iko hewani kumbe haiangalii chochote kwenye draivu hiyo na hapo ndo ransomware (vairasi vinavyofunga mafaili yako na kudai pesa) inaingia kirahisi. Ukimaliza ingia na akaunti ya majaribio yenye roli hiyohiyo ujaribu kuzima ulinzi, ikikubali rudi ukague.